Kizimba Kisikae Wazi

Ilikuwepo nchi, na kama haikuwepo basi kuna watu wengi wanalipa kodi bure. Ilikuwa na jina zuri tu, ila jina lilipelekwa kwenye kamati ili liboreshwe, na kamati bado haijarudi safarini. Basi tuiite Nchi, tusogee mbele.

Siku moja Mkuu wa Nchi, katika pitapita zake, aliingia mahakamani bila taarifa. Akakuta kesi ya mtu aliyeiba jenereta la hospitali. Hakimu yupo, karani yupo, na jenereta lipo; lililetwa kama kielelezo na lilikuwa likizungusha feni ya hakimu. Aliyekosekana ni mshtakiwa. Aliachiwa kwa dhamana, akairuka kama mtu anavyoruka dimbwi, hakuonekana tena. Mkuu akakitazama kile kizimba kitupu, uso ukamkunjamana.

"Kizimba kinakaaje wazi," akauliza, "na nchi ina watu wote hawa?"

Katika Nchi ile swali la Mkuu halijibiwi, linatekelezwa. Kabla juma halijaisha Bunge lilikwisha kupitisha sheria, bila kuisoma, kwa heshima. Ilisema hivi: mshtakiwa akiruka dhamana, mdhamini wake atapanda kizimbani mahali pake, na atahesabiwa kuwa ndiye mshtakiwa mwenyewe kwa kila jambo. Hayo maneno "kwa kila jambo" hayakuwemo kwenye rasimu. Yaliongezwa na mbunge mmoja aliyekuwa ameshasimama na hakutaka kukaa bila kuchangia.

Sheria ikawashukia wadhamini wa mahakama ya mjini, waliokuwa wameketi kibarazani pao wakinywa kahawa na kuwasengenya mawakili. Kazi yao ilikuwa undugu. Mtu akikamatwa ugenini, hana baba wala mjomba wa kumwekea dhamana, anatolewa selo na kuwakuta ndugu zake wameshakaa kwenye benchi, wamevaa vizuri, wanamsubiri. Wa kutegemewa kuliko wote alikuwa Bi Sikudhani binti Mfaume, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kanga ya kila msiba na mdomo usio na likizo. Mbele ya hakimu alikwisha kuwa shangazi wa wezi wa kuku, mama mkwe wa matapeli, na dada wa tumbo moja wa wanaume wa makabila manne, mmoja wao baharia wa Kigiriki. Hakimu Tengamaso hakuwahi kumpinga.

"Ukoo mkubwa," alikuwa akisema, kisha anagonga nyundo.

Ujira ulimjia kwa namna ya kila mtu: huyu mchele, huyu mkungu wa ndizi, na mwingine shukrani tupu, ambazo hazipikiki. Yeye hakujali. Nyumba yake ilikuwa kama stendi. Uliyemwona jana na pingu, leo unamkuta uani kwa Bi Sikudhani anakuna nazi na kulalamika kwamba kitunguu kimeungua. Alipenda nyumba ijae, na mtu akishaapa mbele ya hakimu kwamba wewe ni ndugu yake, yeye kwa upande wake hakuona sababu ya kuufuta undugu huo eti kwa sababu ulianza kwa uongo. Ndoa ngapi zimeanza hivyo na zimezaa.

Na waliotoroka je? Hao ndio waliomjengea jina. Polisi walikuwa na mbwa, redio na mafuta ya kwenda nusu ya njia. Bi Sikudhani alikuwa na umbea. Alijua kwamba mtoro anaweza kubadili jina, mji na hata dini, lakini akisikia kuna msiba wa mjomba wake atakuja, maana asipokuja watamsema. Kwa hiyo yeye hakumfuata mtu, alitangulia msibani. Kulikuwa na mwizi wa mabati mmoja, Ulimboka, aliyetafutwa mikoa mitatu. Bi Sikudhani alimkuta matangani kwa mjomba wake, akaketi kwenye jamvi la wanaume kama vile hakuona, akatia mkono kwenye sinia lile lile.

"Kula, mwanangu, usiharakishe," akamwambia. "Tukishanawa tutatembea pole pole hadi mahakamani. Njia nzima ina kivuli."

Ulimboka akalia kidogo, akala, akanawa, wakaenda. Mtu aliyekula na wewe sinia moja hakimbii. Atakimbiaje na mkono una mchuzi, watu wanamtazama?

* * *

Sasa kulikuwa na Mheshimiwa Ponsiano Kiberenge, mbunge wa Ng'ambo ya Mto, naye alishtakiwa kwa kula daraja.

Si nusu, ni lote. Daraja lilizinduliwa kwa ngoma na hotuba, utepe ukakatwa, wageni wakageuka kunywa soda, na walipogeuka tena daraja halikuwepo. Wapo waliosema halikuwepo hata kabla ya soda. Kilichobaki ni utepe. Wananchi waliunga ncha zake, wakaufunga ng'ambo hadi ng'ambo, na tangu hapo wakawa wanaushika wanapovuka maji, wakiishukuru serikali kwa kununua utepe wa maana. Upelelezi ulianza mara moja, na kwa kuwa ulianza mapema haukuona haraka ya kwisha. Kila kesi ilipotajwa, mwendesha mashtaka alisimama na kusema upelelezi unaendelea vizuri, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa.

Alipohitaji mdhamini, marafiki zake wote wakubwa walikuwa na semina. Mheshimiwa akaja mwenyewe kibarazani. Akamkumbatia kila mtu, hadi muuza kahawa, akaishia kwa Bi Sikudhani na kumshika mikono miwili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Hakuwa amekonda. Lakini ndivyo shangazi anavyosema, na Mheshimiwa alielewa kwamba amekwisha kupata shangazi. Alimwahidi jambo moja tu: kwamba atakuja kwenye harusi ya Siwema, mtoto wa dada yake Bi Sikudhani. Na kweli alikuja, na msafara wa magari unaopiga ving'ora, akacheza, akamwaga mate kwenye kipaza sauti kwa muda mrefu. Mtaa mzima ulinyamaza kwa wivu. Bi Sikudhani aliapa mahakamani kwa moyo mweupe kuliko siku zote.

Baada ya hapo, siku ya kesi, Mheshimiwa hakutokea.

Karani aliliita jina mlangoni, akaliita dirishani, na kwa ukamilifu akaliita chini ya meza.

"Mdhamini yupo?" akauliza hakimu.

"Nipo, Mheshimiwa hakimu."

"Panda."

Bi Sikudhani akavua ndala, akapanda kizimbani. Hata hajatulia, mwendesha mashtaka akasimama. "Mheshimiwa hakimu, upelelezi umekamilika."

"Tangu lini?"

"Tangu mshtakiwa alipovua ndala."

Ushahidi ukasikilizwa asubuhi ile ile na kumalizika kabla ya chai. Hakimu Tengamaso akaeleza kwa upole kwamba kwa daraja zima kifungo ni cha kumzeesha mtu, na yeye hana namna. Hukumu itasomwa baada ya sikukuu. Mpaka siku hiyo mama aruhusiwe kutembea na kumtafuta mtoro wake. Akimleta, atashuka yeye, atapanda mwenyewe.

"Na nisipompata?"

"Kizimba kisikae wazi, mama," akasema hakimu, akatazama juu mahali ilipotundikwa picha ya Mkuu.

* * *

Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alianzia polisi. Huko kulikuwa na Kikosi Maalumu cha Kumtafuta Kiberenge, chini ya Afande Likwati, mtu mwenye masharubu na ramani.

"Afande, mmefikia wapi?"

"Mama, hatulali. Tumemtafuta mapangoni. Tumepekua magunia ya mkaa. Juzi vijana wangu wamezamia bwawa, mmoja akatoka na kambale."

"Na nyumbani kwake je?"

Afande akavua kofia, akaifuta kwa kiwiko. "Mama, wewe ni mtu mzima. Nyumbani kwa mtu hatuendi tu. Lazima mwenyewe awepo atukaribishe. Na huyu hayupo, ametoroka."

Bi Sikudhani akaona hapa atazeeka bila hata kufungwa. Akapika pilau, akalitia kwenye hotipoti, akaenda nyumbani kwa Mheshimiwa. Getini alikuta askari wawili wa Kikosi hicho hicho, wamepangwa kulinda.

"Mheshimiwa hayupo, mama," akasema mmoja.

Ghorofani, barazani juu, alikaa mtu aliyevaa singlendi, miguu juu ya kiti, akimenya chungwa.

"Na yule ni nani?"

Askari akatazama juu kwa uangalifu mkubwa. "Yule ndiye aliyetuambia hayupo."

Mheshimiwa akachungulia. "Aa, shangazi. Karibu sana, ingawa sipo."

"Teremka, mwanangu. Nimekuja na pilau, tule kidogo."

Lakini Mheshimiwa alikuwa amesikia habari za Ulimboka, kama nchi nzima ilivyosikia. "Nimeshiba, shangazi. Nashukuru."

"Mwanangu, nafungwa. Hukumu ni baada ya sikukuu."

"Nimesikia, na nimehuzunika mpaka nashindwa kula." Akatia kipande cha chungwa mdomoni. "Lakini tulipime jambo hili kitaifa. Mimi nikifungwa, Nchi inapoteza mbunge. Wewe ukifungwa, Nchi inapoteza nini? Tena kule chakula ni kwa saa, chumvi hawatii, presha yako itashuka. Yapo mambo ya kumshukuru Mungu."

"Mimi ni shangazi yako, Ponsiano. Nimekuapia."

"Shangazi, ule ni undugu wa mahakamani. Mtu akishashuka ngazi za mahakama, unaisha."

Mpaka hapo Bi Sikudhani alikuwa na huzuni tu. Kufungwa na serikali ni kama mvua, hukasirikii mawingu. Lakini kukanwa undugu, mbele ya askari wawili, na pilau mkononi, hilo hakuwahi kufanyiwa hata na Mgiriki. Akawapa askari lile pilau wale, maana halikuwa na kosa, akaondoka akitembea haraka kuliko unene wake ulivyozoea.

* * *

Kibarazani alipokewa kwa kejeli, kama ilivyo desturi ya watu wanaopendana.

"Pole, Mheshimiwa," akasema Dihenga, mdhamini wa siku nyingi mwenye kikohozi na maneno. "Mpisheni, mbunge akae."

"Kaka Dihenga, leo usinichokoze."

"Nani anakuchokoza? Si sheria imesema wewe ndiye Kiberenge, kwa kila jambo? Sasa wewe umechukua kizimba tu. Mengine yote umemwachia. Kwa tabia yako hiyo ya kuridhika na kidogo, wataendelea kukuonea."

Watu wakacheka. Bi Sikudhani hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Mengine yapi?"

"Mimi nitajuaje? Mbunge ana nini? Ana kiti, ana gari, ana nyumba, ana watu wa kumfungulia mlango." Dihenga akakohoa. "Dada, nilikuwa natania."

"Endelea kutania," akasema Bi Sikudhani, "unasema vizuri."

Kesho yake alisimama mbele ya Hakimu Tengamaso, mahakama imejaa, akauliza kwa adabu: "Mheshimiwa hakimu, naomba kujua, mimi ni nani?"

Hakimu akaona mtego, lakini hakuona pa kuukwepea. Kusema kwamba sheria ya Mkuu ina mipaka ni kusema kwamba Mkuu ana mipaka, na yeye hakimu alikuwa na watoto wanaosoma.

"Wewe ni Mheshimiwa Ponsiano Kiberenge."

"Kwa kila jambo?"

"Kwa kila jambo," akasema hakimu, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

Basi akaenda bungeni, nyuma yake ukoo wote wa mahakamani. Mlinzi wa mlango alimkimbilia Spika. Spika akawa na njia mbili: kutamka kwamba sheria iliyopitishwa yeye akiwa kitini ni ya kipumbavu, au kumpisha mama. Akampisha. Bi Sikudhani akakaa kwenye kiti cha Kiberenge, akawaamkia majirani, akauliza habari za watoto, akamwambia Waziri wa Maji kwamba mchumba wa binti yake ana mke Tukuyu. Halafu usingizi ukamchukua. Alipoamka akasema, "Naunga mkono hoja," watu wakampigia meza. Magazeti ya asubuhi yaliandika kwamba Kiberenge sasa amechangamka.

Kutoka hapo akaenda nyumbani, yaani nyumbani kwa Kiberenge, ambako ndiko kwake. Wale askari wawili walimpigia saluti. Agizo lao lilikuwa kumtii Kiberenge, na pilau walilikumbuka. Mke wa Mheshimiwa, Bi Perusi, alitoka sebuleni akiwa ameshika kitambaa cha meza.

"Wewe ndiye mume wangu?"

"Kisheria tu, mwanangu, usiogope."

"Unakula mezani, au mbele ya televisheni?"

"Jikoni, penye mazungumzo."

Bi Perusi akafuta machozi kwa kile kitambaa. Kwa miaka mingi alikuwa akila mbele ya gazeti lenye miguu. Jioni ile nyumba ilijaa: Ulimboka aliyekwisha tumikia kifungo chake alikuwa juu ya dari akiziba linapovuja, wezi wa kuku walikuwa bandani wakisifu kuku bila kuwagusa, na Dihenga alijaribu kila kiti ili ajue kipi kinafaa kikohozi.

Ilibaki baraza ya juu.

"Mheshimiwa," askari akamwambia Bi Sikudhani, "huko juu kuna mtu amevaa singlendi. Hatumjui."

"Kamuulizeni yeye ni nani."

Wakapanda, wakamuuliza. Mtu yule akafungua kinywa, akaona pingu kiunoni mwa askari wa Kikosi Maalumu cha Kumtafuta Kiberenge, akakifunga.

"Mimi," akasema, "ni fundi bomba."

Wakamshukuru kwa kazi, wakamsindikiza hadi barabarani, geti likafungwa.

* * *

Kuwa si mtu ni kazi, na Ponsiano Kiberenge hakuwa na uzoefu. Alipoingia zahanati hakuna aliyempisha, mama mmoja alimwambia, "We fundi, foleni inaanzia kule kwenye mbuzi." Akaenda nyuma ya mbuzi. Alisimama kando ya barabara akingoja magari yapungue, akashangaa kwamba hayapungui, maana siku zote aliyaona yakiwa yamesimamishwa. Watu aliowapigia simu walimjibu kwamba Mheshimiwa wanaye hapa, wanakula naye, wewe nani?

Bado alivumilia. Alijipa moyo kwamba baada ya sikukuu yule mama atafungwa, na jina litarudi kwake likiwa limeoshwa, kifungo kimetumikiwa na mwingine. Kilichomvunja ni nishani.

Alikuwa kwa kinyozi, sabuni kidevuni, televisheni ikionesha sherehe za Ikulu. Mkuu wa Nchi alikuwa akiwavisha watu nishani. Msoma majina akasema: Mheshimiwa Ponsiano Kiberenge, Nishani ya Uadilifu. Bi Sikudhani akatokea, amefunga kilemba cha kijani, akainama, akavishwa. Mkuu akamnong'oneza jambo, wakacheka wote wawili kama watu waliosoma pamoja.

"Huyo siye Kiberenge," akasema mteja. "Kiberenge ni mimi."

"Tulia, fundi," akasema kinyozi, "nitakukata sikio."

"Nakwambia nishani ile ni yangu. Niliiomba kwa barua mbili."

"Hata mimi ningependa kuwa Kiberenge. Inua kidevu."

* * *

Siku ya hukumu mahakama ilijaa hadi madirishani. Bi Sikudhani alipanda kizimbani, nishani kifuani. Alikuwa amesikia kwamba mbunge hafungwi wakati wa kikao, lakini Bunge liliahirishwa juzi yake ili wabunge wakapumzike baada ya kupumzika. Nishani nayo, alimuuliza karani, haimtoi mtu jela. Wapo ndani wenye mbili. Usiku kucha alikuwa ameaga watu wa nyumbani mmoja mmoja, naye alikuwa na watu wengi. Kama mtego wake wa kumfanya mwenye jina aje kulidai usingeshika, basi angeingia gerezani kwa jina la mtu mwingine na kuzeeka humo.

Hakimu Tengamaso akavaa miwani, akakunjua hukumu. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mtu aliyelowa hadi kiunoni, na nyuma yake wazee watatu waliolowa vile vile. Walitoka jimboni, na njia ya kutoka jimboni ilipita majini.

"Mimi ndiye," akasema.

"Wewe ndiye nani?"

"Ndiye Kiberenge."

"Kiberenge yupo," akasema hakimu, akielekeza kalamu kizimbani. "Ninakaribia kumfunga. Una shahidi?"

Mtu yule akaleta wazee wake. Hakimu akawauliza kama huyu ndiye mbunge wao. Wakamtazama mbele, wakamzunguka wakamtazama nyuma.

"Mheshimiwa," akasema mkubwa wao, "mbunge wetu tulimwona mara moja, na ilikuwa kwenye bango. Kwenye bango alikuwa anacheka. Huyu hajacheka hata kidogo tangu tumwone."

Akaitwa Bi Perusi. Akasema mume wake hamkumbuki vizuri usoni. Akipewa gazeti amshikishe labda. Wakampa gazeti, akalishika mbele ya uso. "Anafanana," akasema Bi Perusi, "lakini wote wanafanana hivyo."

Akaitwa Afande Likwati. Afande alimaliza jambo kwa neno moja. "Kiberenge anatafutwa na hajulikani alipo. Huyu tunajua alipo. Kwa hiyo siye."

 Macho ya mtu yule yakazunguka mahakama nzima, benchi kwa benchi, watu aliowalisha, watu aliowapa kazi, na wote walikuwa wakitazama viatu vyao. Mwisho yakaishia kizimbani.

"Muulizeni yeye," akasema. "Ananijua."

Hakimu akageuka. "Mshtakiwa, unamtambua mtu huyu?"

Bi Sikudhani akampima yule mtu kwa macho, kuanzia utosini hadi kwenye viatu vilivyolowa. 

"Mheshimiwa hakimu, siku hizi matapeli wengi. Kiberenge ninayemjua mimi alikula daraja. Huyu sijui kama anaweza hata kula kivuko."

"Nililila," akasema yule mtu.

"Kusema tu kila mtu anasema."

"Nililila lote. Shangazi, nisikilize. Saruji ilikuwa malori kumi na mawili, haikufika hata moja. Nguzo zile mlizoziona siku ya uzinduzi zilikuwa maboksi yaliyopakwa rangi, ndiyo maana niliwaambia watu wasiegemee." Sauti yake ilikuwa ikipata nguvu, kama mtu anayepanda jukwaani kwake mwenyewe. "Nani mwingine angejua hayo? Nondo nilimpelekea Spika, akamalizia ghorofa. Kokoto alichukua Afande Likwati, ziko uani kwake mpaka leo, kuku wanataga juu yake." Afande akapatwa na kikohozi cha Dihenga. "Mbao nilimpa mwendesha mashtaka. Na zege la mwisho, nakumbuka vizuri sana, lori liliingia asubuhi, nikaelekezwa nimwage nyuma ya nyumba ya hak—"

"Imetosha," akasema Hakimu Tengamaso, akagonga nyundo mara nyingi kuliko inavyohitajika. "Mahakama imekutambua. Mahakama ilikutambua tangu ulipoingia. Mama, shuka."

"Na wewe mama unamtambua?" akauliza karani, aliyetaka kumbukumbu zikamilike.

"Ndiye huyo," akasema Bi Sikudhani. "Mtoto wa kaka yangu."

Akashuka. Kiberenge akapanda mbio, akashika mbao za kizimba kwa mikono miwili kama mtu aliyefika nyumbani. Akanyoosha shati lake lililolowa, akaomba dhamana kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili.

"Dhamana iko wazi," akasema hakimu. "Nani anamdhamini?"

Kwenye benchi walikaa wadhamini wote wa mji, watu ambao siku nyingine wangepigana vikumbo kwa mshtakiwa mwenye viatu. Dihenga aligundua kwamba kifungo cha shati lake kinahitaji kutazamwa kwa karibu. Mwingine akalala hapo hapo. Hakimu akarudia swali, macho yakamwendea Bi Sikudhani.

"Dhamana sina," akasema. "Chakula nitamletea."

Akatoka nje hadi kibarazani, watu wakamzonga, huyu anamshika mkono, huyu anataka kuigusa nishani, muuza kahawa anasema leo ya bure ila msizoee. Kupitia dirishani alisikia askari wa rumande akiisoma hati ya kumpokea mahabusu, neno kwa neno, hakuacha kitu: Mheshimiwa, Balozi mstaafu, Daktari wa heshima, Mlezi wa Chama cha Riadha, Ponsiano Kiberenge, mbunge wa Ng'ambo ya Mto.

Na kila askari alipotua kuvuta pumzi, ile sauti iliyolowa ikaitika, kwa furaha ambayo mle rumande haikuwahi kusikika: "Nipo. Nipo. Ndiyo, afande, na huyo pia ni mimi."